Mbuzi wa Yaya

Walisema sitavuka Kasumbalesa. Mjomba wangu alisema nitarudishwa mpakani nikiwa nimeshika viatu mkononi. Mwalimu wangu wa hesabu alimwambia mama kwamba mtoto huyu ana mdomo mkubwa kuliko kichwa. Mwanamke anayeuza makala, mkaa wa kupikia, kwenye kona ya avenue yetu, katika mtaa wa Kikula, aliapa kwamba nikipata diploma yeye atatembea kwa magoti mpaka mtaa wa Panda. Baba mkwe alisema machache, na yaliniuma zaidi: kwamba amemtoa binti yake kwa mtu wa ndoto.

Diploma ninayo. Imetundikwa ndani ya kioo katika karakana yangu, mahali ambapo mteja akiingia ataiona kabla hajaniona mimi. Ni diploma ya umeme wa viwandani. Niliisomea jioni kwa miaka mitano huko Afrika Kusini, na mchana nililinda magari ya watu kwa jua na kwa mvua. Leo mota ya kusaga mawe ikiungua kule Kakontwe, au pampu ya kuvuta maji ikifa kwenye mashimo ya Kamatanda, inaletwa kwangu. Ninaifungua, ninatoa nyaya zilizoungua, ninasuka nyingine mpya za shaba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ingurume kama ilivyotoka kiwandani. Kuna wengine mjini wanaofanya kazi hiyo. Mota zao hurudi baada ya miezi mitatu, tena huletwa kwangu. Mwanamke wa makala hajatembea kwa magoti, lakini nikipita hujifanya anahesabu mifuko yake, na hilo linanitosha.

Nimeanza na hayo kwa sababu ni kweli na kwa sababu ninapenda kuyasema. Jambo ninalotaka kuliandika ni zito zaidi. Linamhusu mtu niliyemkopa kabla ya wote, nikamweka mwisho kumlipa.

Mtu huyo ni kaka yangu mkubwa. Kwetu Katanga mkubwa wako, awe mwanamume au mwanamke, unamwita yaya. Mimi nilimfuata kwa miaka sita, na baada yangu wakaja dada wawili. Yaya alizaliwa na uso wa mviringo, macho yaliyoinuka kidogo pembeni, vidole vifupi, ulimi mzito, na akili iliyokwenda kwa mwendo wake yenyewe. Siku hizi ninajua jina ambalo madaktari wanaipa hali hiyo. Utotoni nilijua majina aliyopewa na watu wa avenue tu. Walimwita Bébé hata alipoota ndevu. Walimwita Mujinga. Siku ambazo mtoto wa mtu ameugua na hakuna dawa nyumbani, walimwita Mulozi, mchawi.

Nilipokuwa na miaka saba, waombezi wa kanisa tulilosali wakati ule walisema kuna roho iliyomfunga. Walimchukua wakamweka kwenye chumba cha maombi kwa siku tisa, bila chakula mpaka jua litue. Siku ya tisa mama alikwenda peke yake. Alimkuta amelala juu ya saruji, midomo imepasuka, anawaimbia waombezi wimbo waliomfundisha. Alimbeba mgongoni, mvulana wa miaka kumi na mitatu, miguu ikiburuta vumbini, akampitisha katikati ya soko ili kila mtu aone. Hatukuacha kusali. Tulibadilisha kanisa.

Baba pekee alimwita kwa cheo chake. Alikuwa karani, mtu wa kalamu mfukoni, na alikuwa mkali kuhusu mambo ya heshima. Akirudi kazini alimsalimu yaya kwanza, kabla ya mama na kabla yangu. "Mukubwa, lupango iko namna gani?" aliuliza. Lupango ni kiwanja chetu chote, nyumba na ua wake. Na yaya alimjibu kama mtu aliyeachiwa ulinzi: kuku wanne, mama ameenda sokoni, mudogo, yaani mimi, amevunja kilauri cha kunywea maji. Hakusahau hata kimoja. Hilo mlishike: hakuwa mtu wa kusahau.

Mimi sikuwa kama baba. Nikiwa darasa la tano nilisahau kalamu nyumbani, na yaya akaileta mpaka shuleni kwa miguu. Wenzangu waliniuliza huyu ni nani. Nikasema ni mtoto wa jirani. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, kalamu mkononi. Alinipa, akageuka akaenda. Wiki nzima baadaye aliniita jirani. "Jirani, kuja ule." "Jirani, mama anakuita." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyepewa habari mpya na ameikubali. Mama aliuliza huo ni mchezo gani, nami nikasema sijui.

Shule haikumtaka. Kazi alijitafutia. Kwetu mtu akifa, watu hukaa kilio siku kadhaa ndani ya lupango ya marehemu, na viti hukodishwa, hukopwa, huletwa kutoka makanisani. Yaya alianza kupanga viti hivyo akiwa na miaka kumi na tano hivi, na kabla ya muda mrefu hapakuwa na kilio Kikula ambacho hakupanga yeye. Hakungoja kuitwa; habari za msiba alizijua mapema. Alijua wazee wa upande wa baba wanakaa wapi na wajomba wanakaa wapi, nani hakai na mgongo wake kwa mlango wa nyumba, na nani ni mkubwa wa nani hata kama mdogo ndiye mwenye gari. Niliwaona watu wazima, watu wenye digrii, wakisimama wanasubiri awaonyeshe kiti. Aliwashika mkono, akawapeleka, akasema, "Hapa njo pako." Hakukosea. Baadaye, chakula kikitolewa, yeye alikula nyuma ya jiko pamoja na watoto, kwenye sahani moja nao. Katika utaratibu ule wote aliouweka kichwani hapakuwa na kiti chake.

Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Watoto wa marehemu hukaa mbele, juu ya mkeka, karibu na mama yao. Tulikaa watatu, mimi na dada zangu. Yaya alikuwa anapanga viti. Alifanya kazi siku hiyo kuliko siku zote, shati limelowa, akiwakalisha wafanyakazi wenzake baba mmoja mmoja. Mgeni kutoka Kambove, ambaye hakutufahamu vizuri, alifurahishwa na bidii yake akampa noti kama mtu anavyompa kibarua. Yaya alimletea mama noti ile kwenye mkeka, akarudi kwenye viti. Kulikuwa na nafasi upande wangu wa kulia. Ningeweza kunyoosha mkono nimvute akae. Nilikuwa ninalia, nikajiambia mtu anayelia hadaiwi mambo mengine.

Sasa niseme habari ya mbuzi.

Babu yetu alitoka Kasai, alipoandikwa kazi ya migodi, na desturi alizokuja nazo nyingi zimepotea njiani. Moja imebaki. Kwetu mudogo wa kiume haoi kabla ya yaya wake. Ikilazimu amtangulie, humletea yaya mbuzi jike aliye hai, mbele ya wajomba. Yaya huweka mkono juu ya mgongo wa mbuzi, husema, "Pita," ndipo mudogo anapita. Neno ni moja, lakini mwenyewe lazima aliseme. Tangu siku ile hakuna anayeweza kusema kwamba yule aliyetanguliwa si mkubwa. Ameombwa, ametoa. Kwenye mikutano ya jamaa atakaa upande wa baba, na neno lake litangojwa. Sijui kama jamaa zote zenye asili ya Kasai hufanya hivyo. Kwetu hufanyika, na mjomba wangu mwenyewe aliwahi kusimamisha harusi ya mtu kwa siku mbili kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyekuwa kilema.

Nilipotaka kuoa nilikuwa na miaka ishirini na sita, na yaya thelathini na miwili. Tulikaa kikao nyumbani kwetu. Wakahesabu vitu vya mahari, vitenge vya mama mkwe, suti ya baba mkwe. Mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari, kama kuna mbuzi wa yaya. Mjomba akacheka.

"Ule? Ule atafanya nini na mbuzi? Atamuoa?"

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka. Ninaandika hivyo kwa sababu nimeandika habari ya diploma, na mtu anayeandika moja lazima aandike na nyingine. Yaya alikuwa mlangoni, amebeba viti viwili, kimoja kila mkono.

Siku ya pili asubuhi nilimkuta amekaa kwenye geti la lupango. Amevaa shati jeupe la baba, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Aliniuliza mbuzi yake iko wapi. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza kwamba pesa zote zimekwenda kwenye mahari, kwamba ninataka pia kusafiri kusoma, kwamba nitamlipa. Niliongea haraka, kama unavyoongea na mtoto ili umalize. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafikiri. Yaya alipofikiri, midomo ilikuwa inasogea.

"Sawa. Minye nakukopesha," akasema. "Lakini leta weye mwenyewe. Hapana kutuma muntu."

Nilioa. Mwaka uliofuata nikaondoka, nikamwacha mke wangu kwa mama. Nauli na karo ya kuanzia nilizikopa kwa watu saba: mama mdogo, shemasi wa kanisa jipya, muuza saruji, na wengine ambao sitawataja ili nisiwaaibishe kwa kiasi walichotoa. Wote saba niliwaandika. Yaya sikumwandika popote.

Huko Kusini niliteseka, na sitayapamba. Tulilala wanane chumbani. Nilitukanwa kwa lugha ambazo nilijifunza kwanza kwa matusi yake. Lakini darasani nilikuwa wa kwanza, na mwalimu aliwaambia wenyeji wa nchi waje waangalie daftari langu. Ndipo siku moja, kwenye duka kubwa karibu na maegesho niliyolinda, nikamwona kijana anayetia bidhaa za wateja kwenye mifuko. Alikuwa na uso wa yaya. Macho ya yaya, vidole vya yaya. Kifuani alikuwa na kibandiko chenye jina lake, na wateja walikuwa wanalisoma jina lile na kumwita kwa hilo. "Asante, bwana fulani." Alikuwa anapanga mayai juu na mikate juu, vitu vizito chini. Mama mmoja mzee, mweupe, alikuwa anamweleza habari za mguu wake. Nilinunua sabuni ambayo sikuihitaji ili nipite kwenye foleni yake. Alipoitia kwenye mfuko aliniuliza kama ninalia. Nikasema ni vumbi.

Siku hiyo niliapa kwamba nikirudi, kitu cha kwanza ni mbuzi. Nilipopiga simu nyumbani mama alikuwa ananipa yaya mwishoni, na yeye alikuwa na swali moja. "Mbuzi?" Mimi nilijibu, "Niko natafuta, yaya." Aliridhika kila mara. Aliamini kwamba huko Kusini nilikokwenda kazi yangu ni kutafuta mbuzi.

Nilirudi baada ya miaka tisa na diploma, vyombo vya kazi, na mashine ya kusukia nyaya ambayo hapakuwa na nyingine kama ile mjini. Yaya alikuwa na miaka arobaini na miwili. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe mapema. Alinikumbatia, akanizunguka, akaangalia nyuma ya gari.

Ningeweza kumpa wiki ile ile. Pesa za mbuzi nilikuwa nazo mfukoni, nasema kweli, mara kumi. Lakini nilikuwa na mpango, na mpango ule ulikuwa mzuri sana machoni pangu. Nilitaka niwalipe wote siku moja, saba wote na yaya wa nane, ndani ya nyumba yangu mpya yenye bati za rangi, na wale waliosema sitavuka Kasumbalesa wakiwa wamekaa mstari wa mbele wanaona. Mbuzi alikuwa awe kilele cha sherehe. Nilijiambia kwamba ni heshima zaidi hivyo. Mtu aliyengoja karibu miaka kumi hastahili kupewa vitu uani, bila watu.

Mama hakukubaliana. Alikuja karakana, jambo ambalo hakulizoea, akakaa kwenye mota iliyopinduliwa.

"Mupe yaya yako kintu yake," akasema. "Anaanza kusahau."

Nilimjibu kwamba yaya amekuwa hivyo siku zote. Mama aliniambia kwamba yaya hajawahi kusahau kitu maishani, na kwamba mimi ninajua. Kisha akainuka akafuta mafuta kwenye kitenge chake, akaenda zake.

Bati zilichelewa Zambia miezi minne. Zilipofika, rangi haikuwa ile niliyoagiza, na nikakataa zisipigwe, nikaagiza nyingine.

Katika miezi hiyo kukawa na kilio avenue ya tatu kutoka kwetu. Mzee mmoja alikuwa amefariki. Nilifika mchana nikaona watu wamesimama nje ya geti, hawaingii, wanazungumza chini chini. Nilipita katikati yao. Ndani ya lupango yaya alikuwa amepanga viti kama sitini, mistari imenyooka kabisa, vyote vimegeukia ukuta. Alikuwa anavisogeza kidogo huku na huku, anavirekebisha, jasho linamtoka. Vijana wawili walikuwa wanacheka. Mtoto wa marehemu akaja akageuza kiti kimoja kitazame katikati. Yaya akakigeuza tena kwa upole, akakirudisha ukutani, akamwambia mtoto wa marehemu, "Hapa njo pako."

Nilimshika mkono nikamtoa. Njiani aliniita kwa jina la baba.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alikuwa kijana, na alizungumza na yaya kabla ya kuzungumza nami, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa daktari yeyote. Kisha akanieleza kwamba watu waliozaliwa kama yaya huzeeka mapema, na wengi wao akili hupotea mapema pia, kama inavyowapata wazee sana. Nilimwuliza dawa. Nikamwambia pesa si tatizo, mimi ni mtu wa diploma, aniandikie hata ya nje. Alisema hakuna. Akasema kitu kinachosaidia ni mtu huyo kukaa na watu anaowajua, kufanya mambo aliyoyazoea, na kutoharakishwa.

Niliacha habari ya bati. Niliita mafundi, na kwa wiki mbili wakapiga zile zile za rangi mbaya. Jumamosi ya wiki ya tatu nikawaita watu.

Walikuja wote. Mjomba alivaa suti. Mwalimu wa hesabu alikuja na fimbo. Baba mkwe alikaa karibu na jenereta na kulisifia. Nilisimama mbele yao, nikawaita wale saba mmoja mmoja, nikampa kila mtu bahasha yake, deni na nyongeza juu yake, na kila mmoja akasimama akathibitisha. Shemasi aliomba. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimeiota saa ile katika chumba cha watu wanane, na ilikuja kama nilivyoiota, mpaka jinsi mjomba alivyokohoa. Sitasema kwamba sikuifurahia. Niliifurahia kwa muda wa bahasha saba.

Kisha nikaenda mwenyewe nyuma ya nyumba nikamleta mbuzi. Alikuwa jike, mweusi, mwenye soksi nyeupe mbili. Nilikuwa nimezunguka vijiji vya njia ya Buluo siku mbili kumtafuta. Yaya alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mikono, upande wa baba, mahali pa mkubwa. Mama alikuwa amemvalisha suti na kumchana nywele. Mjomba na wazee walikuwa pembeni yake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekaa kwenye kiti kilichopangwa na wengine.

Nilipiga magoti. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nilimtangulia bila kumwomba, kwamba alinikopesha, kwamba nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu. Nikamsogeza mbuzi mpaka kwenye goti lake.

Aliangalia mbuzi. Aliangalia watu. Midomo ikaanza kusogea, na nikafikiri lile neno linakuja. Mama alikuwa amefumba macho. Tulingoja. Mbuzi alilia mara moja, na yaya akarudisha miguu chini ya kiti. Kisha akaniangalia mimi, na akaniuliza kwa adabu, kama alivyokuwa akiwauliza wageni kwenye vilio:

"Weye, mutoto ya nani?"

Nikamtajia baba yetu. Akatikisa kichwa, kama mtu anayelifahamu jina hilo lakini si leo.

Watu walianza kusogeza viti. Mjomba akaegemea mbele akasema kwamba inatosha, kila mtu ameona, yeye kama mjomba atasema neno kwa niaba yake, chakula kinapoa. Akanyoosha mkono wake kuelekea mgongo wa mbuzi.

"Toa mukono," mama akasema. Hakupaza sauti. "Mwenyewe eko hai."

Mjomba akatoa mkono. Mimi nikawaambia watu wote kwamba hakuna atakayesema neno hilo isipokuwa mwenye neno, leo au siku nyingine, na kama halitakuja basi mimi nitakuwa mtu ambaye hajapita. Baba mkwe aliinamisha macho. Hapakuwa na aliyecheka.

Chakula kikatolewa. Walipoanza kupitisha sahani, yaya aliinuka. Wazee wakainuka pia, mmoja baada ya mwingine, mjomba akiwa wa mwisho, kwa sababu mkubwa akiinuka hubaki umekaa. Walisimama kwa ajili yake, wanaume sita wenye suti. Yeye alipita mbele yao bila kuona, akazunguka nyumba, na nilipomfuata nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa chini pamoja na watoto, suti ikigusa majivu, mkono wake tayari kwenye sahani yao. Watoto walikuwa wamemfanyia nafasi bila kuacha kula.

Niliwaza kumrudisha. Nilimshika bega, akaniangalia, na nikaona woga usoni mwake, woga wa mtu anayeondolewa mahali pake. Nikamwachia. Nikaketi chini mbele yake na suti yangu pia.

Yaya akakata tonge la bukari, ugali wetu, akalichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akaona halitoshi, akaongeza.

"Kula," akasema. "Unatoka mbali."

Mimi ndiye mdogo. Nilipokea kwa mikono miwili. Kutoka mbele ya nyumba nilisikia jenereta, na mjomba akiuliza wapi amekwenda mwenye sherehe, na mama akimjibu kwamba anakula na yaya yake.